Ikipata Moto Itashika

Kwetu Kivinje kazi ya baiskeli haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka baiskeli ipakwe mafuta. Chumvi ya pwani haina subira. Ukilaza chuma kitupu usiku mmoja, asubuhi kimeota ukungu wa kahawia. Ukikiacha wiki, kutu imeshaanza kula. Kwa hiyo kila fundi alikuwa na kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi, amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, na mwisho wa kazi alikipitisha kwenye usukani, kwenye spoku, kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, kila mahali. Hata ringi tulizipaka. Pale ambapo mpira wa breki hubana tulipafuta tena kwa kitambaa kikavu na majivu kidogo, na baada ya mizunguko michache mpira ulishika kama kawaida. Mteja akikuta baiskeli yake haing'ai, aliuliza kama bado hujamaliza. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu, naye alikuwa amefundishwa hivyo.

Nilikwenda kwake nilipomaliza darasa la saba, baada ya jina langu kukosekana kwenye orodha ya waliochaguliwa. Alipofariki nilibaki na benchi lake, boksi la spana na kile kitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi nilikuwa naiweza. Kitu nilichokuwa sikiwezi ni kusema. Mteja akinieleza tatizo, nilitazama gurudumu, sikumtazama usoni, na nilijibu kwa kuchukua spana.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kunifungua mdomo, naye alikuwa mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Sisi tunawachimbia wao makaburi na wao wanatuchimbia sisi. Alinizidi miaka isiyopungua kumi na mitano, alikuwa na mke na watoto watatu, na kwa umri nilipaswa kumwamkia. Lakini watani hawaamkiani. Alikuwa akija kutoka dikoni, mashua za wavuvi zinakoshusha samaki, tenga la samaki limefungwa nyuma ya baiskeli, anasimama mbele ya benchi langu na kuniuliza kwa sauti ya kusikika soko zima:

"Wewe hujafa tu?"

Na mimi niliyekuwa siwezi kumjibu hata muuza vocha, nilimjibu, "Nakusubiri utangulie. Nina hamu ya ubwabwa wa matanga yako."

Watu wakacheka. Hilo ndilo lilikuwa neno langu moja la siku, na lilinitosha. Nikiwaza sasa, naona kwamba alikuwa akisimama pale kila siku kwa makusudi, ili niseme japo hilo.

Kazi yake ilikuwa kununua samaki dikoni alfajiri, kupanda nao kilima cha Singino, kuvuka Nangurukuru na kuwauza vijiji vya bara huko vilimani. Alilala huko, na kesho yake alirudi na machungwa au mihogo. Kwenda ni kupanda, na tatizo lake ni miguu. Kurudi ni kushuka na mzigo mzito mgongoni kwa baiskeli, na tatizo lake ni breki.

Miaka ile vitu vya nje vilikuwa vimeanza kujaa. Makoti, redio, vyombo, kila kitu kilishuka Dar es Salaam kwenye makontena kikatufikia kikiwa kimeshatumiwa na wengine. Mtani wangu alikwenda huko akarudi na baiskeli ya gia, ile ya matairi manene yenye meno, waliyotengenezewa wenzetu wanaopanda milima kwa starehe. Ilikuwa baiskeli nzuri. Nyuma ilikuwa na breki ya mpira kama zetu, lakini mbele haikubana ringi kabisa. Katikati ya gurudumu kulikuwa na sahani ya chuma, diski, na kwenye uma kulikuwa na kibanio chenye pedi mbili ndogo kama vipande vya biskuti. Ukivuta breki, pedi zinaibana diski.

Watu walikuja kuitazama. Tatizo ni kwamba haikushika. Diski yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kisosi, pedi zilikuwa zimelika hadi chuma, na waya ulikuwa umelegea ndani ya kava lililopasuka. Ukibonyeza, mkono wa breki ulikwenda hadi kwenye usukani, laini kama embe lililoiva mno, na baiskeli ikaendelea na safari yake. Breki ya nyuma peke yake haikuumudu mzigo, kwa hiyo akishuka Singino na machungwa alikuwa anasaidia kwa kukanyaga tairi la nyuma kwa kandambili. Kandambili zilikwisha moja baada ya nyingine.

Siku moja hakunitukana. Aliegesha baiskeli, akachuchumaa kando yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba juzi yake alikuwa amemkosakosa mtoto aliyekuwa akivuka barabara chini ya kilima. Aliniomba nimwekee breki itakayosimama. Nikamwambia inawezekana. Sikuwa nimewahi kufanya, lakini nilikuwa nimeitazama sana ile breki kila alipoegesha na nilikuwa nimeshaielewa, au niliamini hivyo.

Tuliagiza vifaa Dar kwa mkono wa utingo wa basi la kusini. Vilichukua karibu mwezi kwa sababu mvua zilikuwa zimekata barabara. Vilipofika vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti: diski mpya pana kama sahani ndogo ya wali, pedi jozi mbili, waya mnene na kava lake gumu. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa Kiingereza upande mmoja na lugha nyingine nisiyoijua upande wa pili. Maandishi yalikuwa madogo sana.

Mtani wangu aliniuliza, "Inasemaje?"

Nikaitazama kwa muda ambao mtu anayesoma angeitazama, nikasema, "Inaeleza namna ya kufunga."

Kisha nikaitia chini kabisa ya boksi la spana. Shule ya msingi ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kwenye benchi langu. Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita na la saba alikuwa bado pale, anapita mbele yangu kila jioni, na angenisomea ile karatasi kwa furaha. Lakini tangu orodha ile itoke bila jina langu nilikuwa nikimwona anakuja nainamisha kichwa. Nilijiambia breki ni breki. Karatasi haijui chuma kuliko mkono.

Diski mpya ilikuwa pana, kibanio hakikuifikia pale kilipofungwa zamani, ikabidi nitengeneze kipande cha kukisogeza nje. Nilikata bamba la chuma nene, nikalichonga kwa tupa siku tatu, nikilipima na kulipima tena, mpaka matundu yakalingana na ya kwenye uma. Nikafunga diski kwa boliti zake sita, nikikaza moja na kuruka ya pili, kidogo kidogo, isipinde. Nikapitisha waya mpya. Kibanio nilikilegeza, nikavuta breki ili kijipange chenyewe juu ya diski, nikakikaza kikiwa vilevile. Hili la mwisho sikufundishwa na mtu, niligundua mwenyewe, na hata leo najisifu kwalo kidogo.

Jioni nikaijaribu. Nilipanda, nikachochea kwa nguvu mbele ya majengo ya zamani hadi karibu na gereji ya mashua, nikagusa breki kwa vidole viwili. Gurudumu la nyuma likanyanyuka. Nusura nipae juu ya usukani. Nikarudia taratibu. Safari hii nilisikia kila kitu kwenye kidole: pedi zinagusa, zinabana, zinabana zaidi, na nikilegeza kidogo nayo inalegea kidogo vilevile. Mkono wa breki uliishia katikati, mgumu, kama unagonga meza. Sijawahi kutengeneza kitu kikanitii namna ile. Niliendesha huku na huku hadi adhana ya magharibi, kijana mzima, nikifunga breki na kufungua peke yangu.

Baiskeli nililala nayo ndani, chumbani kwangu. Hata hivyo asubuhi nilipoitazama, diski mpya ilikuwa na ule ukungu wa kahawia. Usiku mmoja tu. Niliumia kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye kanzu ya Idi. Nikachukua kitambaa changu kwenye mfuko wa nailoni, nikaipaka baiskeli yote, na diski nikaipaka kwa uangalifu kuliko kitu chochote, pande zote mbili. Kisha nikaifuta kwa kitambaa kikavu na majivu, kama tunavyofanya ringi. Iling'aa ukaweza kuona uso wako.

Mtani wangu alifika na tenga la samaki tayari limefungwa, maana alikuwa na uhakika nami. Wachuuzi wenzake wanne au watano walikuwa naye, wanataka kuona. Alizunguka baiskeli mara mbili akasema kwa wenzake kwamba fundi wake ana sura ya ngadu wa mikokoni lakini ana mikono ya malaika. Nikapanda kuwaonyesha. Nikachochea, nikabana.

Ilisimama. Lakini ilisimama kwa kuchelewa, na ilipiga kelele nyembamba iliyofanya watu wazibe masikio. Mkono wa breki ulikuwa mgumu vilevile, ukiishia katikati vilevile, ila nyuma ya ule ugumu hapakuwa na kitu. Kidole changu kilijua. Jana kidole hichohicho kilikuwa kimesikia kitu kingine.

Nilipaswa kusema, "Niachie leo. Kuna jambo." Maneno manne. Lakini samaki walikuwa wameshafungwa, wachuuzi walikuwa wamenizunguka, wote wananitazama usoni, na mimi sikuwa mtu wa kutazamwa usoni. Mtani wangu akauliza kelele ile ni ya nini.

Nikamjibu nikitazama gurudumu, "Bado mpya. Ikipata moto itashika."

"Sawa," akasema. "Nitaipa moto."

Akaondoka. Alipoinuka kupanda, aligeuka akaniambia nianze kumtafutia jembe la kuchimbia kaburi langu mwenyewe, kwa sababu yeye sasa hafi tena. Wenzake wakacheka. Mimi pia.

Kesho yake mchana taarifa zilifika sokoni kabla yake. Alikuwa ameanguka mteremko wa Singino, na magunia mawili ya machungwa nyuma. Walioona walisema alikuja kwa kasi ya gari, breki inalia kilima kizima, na pale barabara inapokata kona alikuta wanawake wamejitwika ndoo wanavuka. Akageuza usukani kwenda mtaroni. Machungwa yalibingirika hadi chini kabisa, watoto wakayaokota siku mbili. Yeye alivunjika mfupa wa bega na kifundo cha mkono wa kulia, na uso ulichubuka upande mmoja.

Nilikwenda hospitali na watu wengine, nikakaa mwisho wa mstari. Ilikuwa afadhali kwangu kwamba palikuwa na watu wengi. Mkewe alikuwa anasema alishamwambia aachane na vitu vya wenye barabara za lami. Mchuuzi mmoja, mzee kidogo, akauliza kama kosa ni la ile breki. Wote wakanigeukia.

Mtani wangu aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Alisema fundi asiguswe. Fundi alimwambia breki inataka kupata moto, naye kwa uzembe wake, tangu juu ya kilima alikuwa akiibonyezabonyeza kidogokidogo badala ya kuibana kweli, akaogopa kurushwa mbele. Alipoibana kweli ilikuwa imechelewa kupata moto. "Kosa ni langu," alisema. "Kitu kizuri kinataka mtu anayekijua."

Nilitazama sakafu. Nilimsikia mkewe akishusha pumzi, kama mtu aliyeacha kumtetea mumewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vibaya kwa namna nisiyoitegemea. Yeye alimwambia kila aliyemtembelea lilelile, na habari ikazunguka dikoni hadi mjini Masoko: mchuuzi wa Kivinje aliyepewa breki ya kisasa akashindwa kuibonyeza. Wachuuzi wenzake, waliokuwa wakimheshimu kwa miaka mingi ya kushuka kile kilima bila kumwangusha hata samaki, wakaanza kumtania kwa machungwa. Mkewe akawa anakaanga mihogo barazani ili nyumba ipate kula, na watoto wanapita mtaani na beseni kichwani. Na mimi, kwa sababu alinisafisha mbele ya watu, nikapata sifa. Wachuuzi wawili walikuja kwenye benchi langu wakitaka niwawekee breki kama ile. Niliwaambia vifaa haviji tena. Nilikuwa navyo vilivyobaki kwenye boksi.

Nilipokuwa nikivificha chini ya spana nisivione tena, ndipo nilipoikuta ile karatasi. Ilikuwa imelowa mafuta kwenye mikunjo.

Nilikaa siku tatu na wazo moja. Siku ya nne nikakata kwa kisu sehemu ya juu yenye picha ya breki, ili yabaki maneno tu, nikaenda shuleni jioni. Mwalimu alikuwa anafunga ofisi. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za kazi kana kwamba hakuona nilivyokuwa nikimwinamishia kichwa miaka yote ile. Nikamwambia kuna jamaa ana maandishi haya, hajui yanahusu nini.

Alivaa miwani. Akaanza kusoma kwa mdomo wake wa darasani, anasoma kidogo kwa Kiingereza, anageuza. Kaza boliti kwa zamu. Hakikisha waya haukupinda. Kisha akasema:

"Hapa wameandika kwa herufi kubwa. Usiguse diski kwa mkono wenye mafuta. Mafuta ya aina yoyote yakigusa diski au pedi, pedi hunywa mafuta hayo na breki haitashika tena, hata ukifuta. Tupa pedi, weka mpya."

Akaitazama karatasi juu pale nilipokata, akanitazama mimi. Nadhani alielewa, maana kilichotokea Singino kilijulikana mji mzima na kila mtu alijua breki ile imefungwa na nani. Aliikunja karatasi akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani. Ningependa angenichapa.

Niliamua kwenda kusema. Njiani nilijifunza maneno kwa moyo, kama nilivyokuwa nikijifunza majibu ya hesabu bila kuielewa njia. Nilimkuta mtani wangu amekaa barazani kwake, mkono umefungwa shingoni, na majirani wawili watatu wanakula mihogo ya mkewe. Aliponiona tu akaanza.

"Amekuja. Anakuja kupima kama nimefika urefu wa kaburi."

Wakacheka. Nikabaki nimesimama. Ningesubiri waondoke, lakini nilijua kama ningesubiri nisingesema tena. Nikasema, sauti ikinitoka nyembamba, "Ni mimi niliyekuangusha. Niliipaka diski mafuta. Breki haikuwa nzima, na nilijua."

Baraza lote likalipuka kwa kicheko. Mtani wangu alicheka mpaka akashika bega. Alisema aliwaambia siku zote kwamba huyu kijana ana njaa ya ubwabwa, kumbe imefika mahali anaua mwenyewe, hasubiri Mungu. Jirani mmoja akasema huo sasa ndio utani wenyewe, utani wa kizamani, kijana amekomaa. Kumbe walikuwa wanangoja miaka yote nitoe neno kubwa kama lile.

Nilitazama nyuso zao. Mlango ulikuwa bado wazi. Ningesema tena, ningesema "wallahi," ningetoa karatasi mfukoni. Badala yake nikahisi mdomo wangu unavutika pembeni. Nikacheka nao. Mkewe akanipa kipande cha muhogo, nikala.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimelisema kosa langu na bado nilikuwa nalo, na sasa lilikuwa limechafuka zaidi.

Mfupa ulichukua miezi mitatu. Siku moja asubuhi niliinua kichwa kutoka kwenye tyubu niliyokuwa naziba, nikamwona anakuja kwa mguu, anaisukuma baiskeli yake kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umepona ila kifundo hakikujikunja sawasawa. Mtaani palikuwa pamepoa, hapakuwa na mtu karibu. Uma niliona ameshaunyoosha kwa fundi wa kuchomelea. Aliegesha, akasema anarudi barabarani wiki ile, mihogo imemshinda mkewe na yeye ameshindwa kukaa.

"Nifungie ileile," akasema. "Safari hii nitaibana tangu juu, nitaipa moto mapema. Na uipake mafuta kama ulivyoipaka ile siku. Ilikuwa inang'aa, nilijisikia mtu."

Akangoja nimtukane. Ilikuwa zamu yangu.

Niliinuka. Nilifuta mikono kwenye suruali. Sikujua nitaanzaje, kwa sababu kwa lugha tuliyokuwa tukizungumza sisi wawili hapakuwa na neno ambalo lisingechekwa. Kisha nikajisikia nasema neno ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia yeye.

"Shikamoo."

Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda kidogo bila yeye kuwa ndani yake. Alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto wake akimwita kwa jina. Kuku akapita kati yetu na baiskeli.

"Marahaba," akasema.

Nikamweleza yote, nikimtazama usoni. Ukungu wa kutu asubuhi ile, kitambaa, majivu, kidole changu kilivyojua, maneno yale ya kupata moto niliyoyatunga pale pale kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nikamweleza karatasi ilivyolala kwenye boksi mwezi mzima na mwalimu alivyoisoma. Nikaitoa nikampa. Hakuweza kuisoma kama mimi nisivyoweza, lakini aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole pale nilipoikata.

"Ulipokuja kwangu ukasema," alisema, "nikacheka."

"Ndiyo."

"Nilidhani ni utani."

"Ndiyo."

"Na wewe ukacheka."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Hakunipandishia sauti, na hakuniuliza kuhusu mkono wake wala kuhusu mihogo wala machungwa wala miezi ile aliyotaniwa kwa kosa ambalo si lake. Aliuliza kitu kimoja tu, kama inaweza kutengenezwa ishike kweli.

Nikaitengeneza mbele yake. Zile pedi nilizitupa, nikachukua zile zilizobaki kwenye boksi. Diski niliivua, nikaiosha kwa sabuni mara tatu, nikaipiga msasa pande zote mbili mpaka ikawa nyeupe isiyong'aa, nikaisuuza kwa maji ya moto niliyoomba kwa mama muuza chai. Mikono niliiosha mpaka ikakauka mafuta. Niliishika diski kwa kitambaa kipya kwenye kingo zake, kama unavyoshika sahani ya mgonjwa. Nilipomaliza baiskeli ilionekana kama haijamalizwa. Sikuipaka kitu. Nikamwambia ikipata kutu aiache, pedi zenyewe zitaifuta.

Akapanda, akaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, anabana na kuachia. Niliona jinsi gurudumu lilivyotii. Aliporudi alishuka polepole akisaidia ule mkono, akaniangalia, akasema, "Ahsante, fundi."

Kwa wengine alikuwa akinitaja fundi; mimi mwenyewe hakuwahi kuniambia hivyo.

Alirudi kwenye kazi yake na breki haikumwangusha tena. Wiki ileile niliwaendea wale wachuuzi wawili na yule mzee, nikawaeleza mmoja mmoja kosa lilikuwa la nani. Mmoja alinitukana kweli, si kwa utani, na nilishukuru. Kazi zilipungua kwa muda, kisha zikarudi, kwa sababu baiskeli hazikuacha kuharibika.

Ila mtani wangu aliendelea kupita mbele ya benchi kila alipotoka dikoni, tenga nyuma, diski yake ya kahawia mbele. Alipunguza mwendo. Nami nilinyanyua kichwa, nimeshaliandaa neno langu mdomoni kama zamani, nasubiri aniulize kama sijafa.

"Habari za asubuhi, fundi," alisema kwa upole, kama anavyomsalimia mtu yeyote.

Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akaenda zake kilimani.